Chungu Changu na Chungu cha Wifi

Kama umeketi kwenye benchi la kliniki ya TB na kikopo cha makohozi mkononi, na hujui ukifiche wapi, usikifiche. Kila aliyeketi hapo anacho chake. Mimi changu nilikiviringisha ndani ya khanga kama mwizi wa mayai, kumbe mama aliyekaa ubavuni kwangu alikuwa ameweka chake juu ya paja, kimefungwa vizuri, naye anafuma kitambaa bila wasiwasi. Aliniangalia akacheka. "Mwanangu, hapa hakuna aliyekuja kupima mimba. Kitoe."

Naandika haya nikiwa nimepona. Mashavu yamerudi, na sketi zinanibana tena. Habari za dawa utaelezwa na manesi, tena vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Ninachotaka kukueleza wewe mwenye watoto wadogo ni habari ya chungu, maana hiyo hakuna aliyenieleza, na chungu kilibaki kidogo tu kininyang'anye wanangu.

Naitwa Mama Nyemo. Nyemo ni binti yangu wa kwanza, alikuwa na miaka minne wakati huo, na mdogo wake Elia alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, anaanguka kila baada ya hatua mbili na kujipigia makofi. Kwetu ni upande wa Chemba, kwa wale wanaosema lugha ya kupiga vidoko kwa ulimi. Niliolewa na Mgogo, Yona, tukapanga chumba Miyuji. Kabla sijaanza kuumwa Yona aliondoka kwenda machimboni Chunya, na simu yake ikawa haipatikani. Katika ua uleule, mlango wa pili, anakaa dada yake, wifi yangu Damari, pamoja na mumewe na watoto wao watatu ambao wote wanasoma shule. Mimi nilikuwa nauza chai na maandazi kwenye majengo mapya yanayoota mji mzima siku hizi.

Kikohozi kilianza msimu wa upepo. Dodoma msimu ule kila mtu hukohoa, kwa hiyo vumbi likasingiziwa, na mimi nikafurahi kulisingizia. Ila vumbi halimtoi mtu jasho usiku mpaka godoro linaloa. Vumbi halimfanyi mtu apumzike mara mbili kati ya mlango na bomba la maji. Nikajitia hamnazo. Halafu siku moja fundi mmoja, mteja wangu wa kila asubuhi, alinitazama nikikohoa pembeni ya karai la maandazi, akalirudisha taratibu andazi alilokwisha kulilipia. Hakudai pesa yake. Alisema tu, "Dada, nenda kapime kwanza." Niliona aibu, na kesho yake nikaenda.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huu nilikuwa naujua tangu utotoni, na haukunisaidia kitu mpaka fundi yule aliporudisha andazi.

Nesi wa pale kliniki tulimwita Nesi Pili. Mtu wa Kondoa, mwembamba, mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani. Alinieleza kwamba ni kifua kikuu, kwamba kinapona, kwamba kwa miezi ya mwanzo nitakuja kila siku nimeze dawa mbele ya macho yake, kwamba watoto watapewa dawa za kinga, kwamba nilale madirisha wazi. Alisema mengi. Mimi nilisikia neno moja tu, kuambukiza, na hayo mengine yote yakapita kama matangazo ya redio.

Kwetu mwenye kifua hutengewa chungu. Bibi yangu mzaa mama alitengewa. Alikuwa na chungu chake, bakuli lake na kata yake ya maji, akala peke yake nyuma ya nyumba mpaka alipofariki, na siku ya mazishi vyombo vile vikavunjwa. Mimi hakuna aliyenitenga. Nilijitenga mwenyewe, siku ileile niliyotoka kliniki. Nilichukua kile chungu kidogo cha udongo nilichopewa na mama yangu nilipoolewa, nikakiweka pembeni ya mlango, nikamwita Nyemo nikamwambia, "Unakiona hiki? Hiki ni chungu cha mama. Kina kifua. Usikiguse, usile kilichomo, na mdogo wako usimruhusu."

Nyemo ni mtoto wa kuambiwa mara moja. Toka siku hiyo, Elia akikisogelea tu chungu, dada yake anamvuta mguu huku anapiga kelele, "Kifua! Kifua!" Majirani walicheka. Mimi nilijisikia mama bora kuliko wote Miyuji.

Damari ndiye aliyechukua kazi ya kuwalisha. Sikumaliza hata kuomba. "Wifi, usinipigie magoti bwana. Hawa si ni damu yetu?" Wakawa wanakula kwake, wanalala kwangu, mimi nimelala upande wa dirisha na kitambaa usoni, wao ukutani. Nilikuwa nawasikia wakicheka na kugonga kijiko mlango wa pili, na mimi napika uji wangu kwenye chungu changu, nakunywa nimegeukia ukuta.

Kuhusu mwili, jiandae. Mkojo utakuwa mwekundu kama chai ya rangi. Usishtuke, ni dawa. Viungo vitauma kama umelima shamba la mtu. Dawa ukizimeza tumbo tupu, utatapika ukiwa bado njiani, na watu watadhani una mimba, basi waache wadhani. Kinywa kilinikauka kiasi kwamba lugha ya kwetu ilinigomea. Sauti zetu zinataka ulimi wenye mate. Nilimpigia mama simu Chemba, nikaanza kumsalimu, zile sauti hazikutoka, nikamalizia kwa Kiswahili. Akauliza, "Mbona unaniongelesha kama karani?" Nikacheka, halafu nikakata simu nikalia.

Baadaye ikaja njaa. Hii ndiyo iliyonitisha kuliko kikohozi chenyewe. Ugonjwa unapoanza kuondoka, mwili unadai vyote ulivyonyang'anywa, tena unadai kwa pamoja. Niliamka nawaza ugali, nikakaa kwenye benchi la kliniki nawaza ugali, na maandazi nilikuwa siuzi tena. Mwenye nyumba wetu, mzee mpole sana, alikuja akasimama mbali kidogo na mlango wangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaangalia chini.

"Mwanangu, mimi sikufukuzi," alisema. "Nataka kodi tu, au nataka chumba. Mpaka mwisho wa mwezi."

Wakati huohuo ukaja mradi. Pale mtaani kwetu walikuwa wanasaidia familia zenye watoto wadogo walio chini ya umri wa kwenda shule: unga, maharage, mafuta, unga wa lishe wa watoto, na kodi ya chumba kwa msimu mzima. Niliposikia nilishukuru kwa sauti. Watoto wadogo ninao. Chumba kinachodaiwa ninacho. Nikaona hapa Mungu amenipigia hodi mwenyewe.

Aliyepita kuandikisha alikuwa dada mmoja mstaarabu, Madam Agness, na viatu vyake vimejaa vumbi letu. Alikaa kwenye ndoo niliyompindulia, akaniuliza hili na lile. Kisha akauliza, "Na hawa watoto, mama, wanakula chungu gani?"

Nilijibu kwa majivuno. "Cha wifi yangu, madam. Mimi naumwa kifua, nimejitenga. Hawajagusa chungu changu tangu nianze dawa." Nilisubiri anisifu. Alitikisa kichwa, akaandika, akaenda mlango wa pili.

Majina yaliposomwa pale ofisi ya mtaa, la kwangu halikuwepo. La Damari lilikuwepo. Nilidhani wamekosea mlango. Nikamfuata Madam Agness nje, nikamshika mkono kabla sijakumbuka kwamba watu hawapendi kushikwa na mimi. Hakuuvuta. Alinieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto.

"Mama, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Ndivyo tunavyohesabu. Wewe unakula peke yako, kwa hiyo wewe ni kaya ya mtu mmoja, na mradi huu ni wa kaya zenye watoto wadogo. Watoto wako wamehesabiwa kwa wifi yako."

"Lakini ni wangu."

"Sijasema si wako. Nimesema chungu si chako."

Damari alipoulizwa kaya yake ina watu wangapi, alijibu kwa moyo mweupe. Kwa Kigogo kaya ni nyumbani, ni pale mtu anapotoka asubuhi na anaporudi jioni. Alihesabu wanawe, akahesabu na wangu, kwa sababu nyumbani kwake walikuwepo. Mimi angenihesabu pia, ila nilikuwa nimekwisha kujihesabu mwenyewe, peke yangu, ukutani. Wanawe wote wanasoma shule, kwa hiyo bila Nyemo na Elia na yeye asingepata kitu. Unga ukaingia mlango wa pili, na kodi ya mlango wa pili ikalipwa, na mimi nikabaki na mwisho wa mwezi wangu.

Hapo ndipo tulipogombana, wifi na mimi, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nilimwambia anakula haki ya wanangu. Akaweka mwiko chini.

"Nani anawalisha?" aliuliza. "Nani anawaogesha wewe ukiwa kliniki? Unataka nimwambie mume wangu aliyeshinda kwenye majengo bila kupata kibarua kwamba unga urudishwe, kisa wewe umeona wivu?"

Kila alichosema kilikuwa kweli. Na nilichosema mimi kilikuwa kweli pia. Kweli mbili zikigongana ndani ya ua mdogo hakuna pa kupita.

Siku chache baadaye aliniambia, bila kunitazama, kwamba wamezungumza na mama mkwe huko kijijini, upande wa Bahi. Chumba kikichukuliwa, mimi niende kwetu Chemba nikauguzwe, na watoto wapelekwe kwa bibi yao kabla ya mvua. "Mpaka upone," alisema. Nilimwona akiwa amekwisha kushusha begi kutoka juu ya kabati, na ndani yake lile gauni la Nyemo la Krismasi. Nawajua watoto waliopelekwa kwa bibi mpaka mama apone. Elia angejifunza kukimbia huko, angeota meno huko, na siku nikimfuata angejificha nyuma ya bibi yake akiuliza huyu ni nani. Na dawa za kinga nani angempa? Nilikuwa tayari kulala njaa, na nilikuwa tayari kulala nje. Kuachana na wale watoto sikuwa tayari.

Asubuhi iliyofuata nilimeza dawa zangu mbele ya Nesi Pili, na machozi yakanitoka. Akafikiri zimenikwama kooni, akanigonga mgongo. Nikamweleza yote, chungu, kaya, begi. Alinisikiliza amefumba macho, kisha akasema kwa ile sauti yake, benchi lote likasikia:

"Nani alikuambia kifua kinakaa kwenye chungu?"

"Ulisema naambukiza."

"Nilisema kwa hewa, mama! Kwa kukohoa. Ndiyo maana nikakuambia madirisha. Nilitaja sufuria mimi? Nilitaja sahani? Na makohozi yako juzi tumepima tena, ni safi. Huambukizi hata mbuzi. Nenda nyumbani ukapike, ule na wanao."

Yule mama mfuma kitambaa akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa namfikiria bibi yangu nyuma ya nyumba, na kata yake ya maji.

Nilimpigia Madam Agness. Alisema orodha inafungwa Ijumaa, na hawezi kubadili kitu kwa maneno ya simu. "Nitapita Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana. Nitakachokiona ndicho nitakachoandika."

Nilimwambia Damari kila kitu. Singeweza kumficha, ua ule hata ukipiga chafya mlango wa pili wanasema afya. Alisikiliza, akaendelea kuchambua maharage ya mradi. Alijua hesabu kama nilivyoijua mimi. Wanangu wakila kwangu, yeye anaondolewa.

Alhamisi nilisonga ugali wa uwele, na mlenda mkavu niliotumiwa na mama, nikautia karanga. Nilipika kwenye chungu kilekile. Nilikuwa na sufuria, ila nilitaka iwe kilekile. Madam Agness alifika, akakaribishwa, akakataa kula kwa adabu, akaketi kwenye ndoo yake na kalamu mkononi. Nilitandika mkeka, nikaweka ugali, nikaleta chungu chenyewe katikati. Nikawanawisha watoto. Maji mengine yakamwagikia mkeka.

"Haya, Nyemo. Kula, mama."

Nyemo alikiangalia chungu. Akaficha mikono mgongoni.

"Hicho ni cha mama," alimwambia Madam Agness, kwa heshima, kama anayemwonya mgeni. "Kina kifua. Hatuli."

Nilisema kifua kimekwisha. Nilisema nesi amesema. Nikamega tonge, nikachovya, nikala, nikamwonyesha kinywa. Elia alinyoosha mkono kwenye mlenda, na Nyemo akamvuta mguu kama nilivyomfundisha. Nyemo akaanza kulia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilikuwa nimemlea vizuri mno. Madam Agness aliitazama saa, akaitazama karatasi. Alikuwa anaona huruma, nilijua, lakini aliahidi kuandika anachokiona, na alichokiona ni watoto wasiojua kula kwa mama yao.

"Mama Nyemo," alisema taratibu, "nadhani..."

"Hodi humu."

Alikuwa Damari. Alikuwa amesimama mlangoni muda gani sijui. Hakusubiri karibu. Alivua kandambili, akanawa, akaketi mkekani kati ya Nyemo na Elia. Tangu nianze dawa wifi yangu hakuwahi kuvuka kizingiti changu; alikuwa ananipa vitu dirishani, na sikumlaumu. Alikuwa anaogopa. Alimega tonge kubwa, akalitumbukiza ndani ya chungu mpaka chini, mlenda ukavutika kama uzi kutoka chunguni mpaka mdomoni kwake, akatafuna, akameza.

"Umekosa chumvi," alisema.

Nyemo aliacha kulia. Alimtazama shangazi yake usoni, akisubiri kifua kimpate. Hakikumpata. Damari akamega tonge la pili, dogo, akamwekea Nyemo kiganjani, na Nyemo akalichovya mwenyewe, haraka, akala akiwa amefumba macho. Elia hakumsubiri mtu; mlenda ulifika mpaka masikioni.

Madam Agness alikuwa ameinua kalamu, kisha akaishusha. "Sasa hapa pana kazi," alisema. "Mama Damari, na wewe ukila chungu hiki, basi ninyi nyote ni kaya moja. Mtapata fungu moja, na kodi ya chumba kimoja. Niandikeje?"

Nilisikia Elia akilamba vidole. Kama ni fungu moja na chumba kimoja, chumba chenyewe kilikwisha kulipwa, nacho ni cha mlango wa pili. Damari angeweza kusema ndiyo, sote wamoja, na asingepoteza kitu.

Alipangusa mdomo kwa nyuma ya mkono. "Mimi mgeni," alisema. "Nimepita tu, nimekuta watu wanakula. Mgeni naye mnamhesabu?"

"Mgeni hatumhesabu. Lakini unaelewa maana yake, mama?"

"Naelewa, madam. Andika."

Madam Agness aliandika.

Mvua za kwanza zilinikuta kwenye chumba kilekile, na kodi imelipwa. Dawa zikapungua, nikawa naenda kliniki mara moja moja, mahindi yakatoa mbelewele kwenye viwanja ambavyo havijajengwa bado, ulimi ukapata mate, na mama yangu akanitambua kwenye simu. Yona alipiga simu mvua zilipokolea. Hayo ni mengine, siyaandiki hapa. Begi lilirudi juu ya kabati. Wewe unayesoma, muulize nesi wako habari za vyombo siku ya kwanza kabisa, muulize hata kama unaona haya, na usiwafundishe watoto hofu ambayo hutaweza kuiondoa.

Damari aliondolewa kwenye mradi, kama alivyojua. Hatukuwahi kulizungumza. Ila kila mchana unga wa mradi ukiwa ndani nilikuwa nasonga ugali mkubwa kuliko wa watu watatu, na kila mchana alikuwa anapiga hodi kama mtu aliyetoka mbali, yeye na wanawe wakirudi shule, na Nyemo anawakimbilia kuwapa ndoo ya kukalia. Hakuna siku aliyosahau kupiga hodi. Aliogopa labda Madam Agness amejificha nyuma ya mlango.

Siku nilipomeza kidonge cha mwisho Nesi Pili aliwapigisha makofi watu wote wa benchi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikupumzika popote. Nilikuwa ninakoroga mlenda, mbichi safari hii, wa mvua, nilipomsikia mlangoni.

"Hodi! Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji keshapona, wifi," nikamwambia. "Ingia tu, tule."